Mvua ya Usiku wa Kuamkia Jumatatu

Niliifuta mimi. Sentensi ile ilikuwepo kwenye maelekezo ya Kiingereza, ukurasa wa pili, chini kidogo ya mchoro wa kipimamvua, na mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, niliipiga mstari kabla ya kuanza kutafsiri. Kwa misimu mitatu ya mvua nilisema haikuwepo. Niliwaambia wenzangu, nilimwambia mtaalamu wa hali ya hewa, nilimwambia mume wangu ambaye hata hakuwa ameuliza. Ilifika mahali nikaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe, maana ulikuwa umeandikwa vizuri.

Kuifuta kwenyewe hakukuwa kosa kubwa. Mimi ni mwandishi wa makala. Kufuta sentensi ndiyo kazi inayonilisha, na nyingi nilizozifuta zilistahili. Hii niliifuta kwa sababu ilikuwa ndefu na kavu, imesimama katikati ya aya kama mbuzi katikati ya barabara. Sikujua kwamba karatasi nzima ilikuwa imeiegemea.

Mambo yalianza na mtaalamu huyo wa hali ya hewa. Ana miaka thelathini na mitano hivi, ananiamkia shikamoo, na mimi kila mara naumia kidogo kabla ya kuitikia marahaba. Vituo vya kupima mvua kuzunguka Mlima Meru vilikuwa vichache, akasema, na watu wanasikia habari za mabadiliko ya tabianchi redioni kama wanavyosikia habari za vita vya nchi za mbali: wanasikitika, halafu wanabadilisha stesheni. Yeye alitaka watu wapime wenyewe.

"Mtu akishapima mvua ya uani kwake miaka kadhaa," aliniambia, "huna haja ya kumhubiria. Yeye ndiye atakuja kukuuliza."

Akapata watu wanne wa kuanzia. Mmoja nilikuwa mimi, hapa Sekei, kwa sababu nina bustani isiyo na miti mirefu na kwa sababu nilikuwa nimejitolea kutafsiri maelekezo. Wa pili ni mfanyabiashara wa Kaloleni anayeuza matangi ya maji na mabomba, ambaye babu yake alikuja kutoka Pangani. Alishakwenda Hija, kwa hiyo wote tunamwita Alhaji. Wa tatu ni mwalimu wa jiografia anayeishi Daraja Mbili. Wa nne alikuwa mama mmoja mfugaji wa upande wa magharibi wa mlima, mwenye umri wa kunizaa. Huyo tulimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa, na yeye alitujibu wote kama watoto wake, Alhaji akiwemo, ingawa Alhaji ana ndevu nyeupe.

Kipimamvua cha Yeyo ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyetu vyote. Huku kusini kwetu mlima unayakamua mawingu, tunapata migomba, kahawa na matope. Wao kule magharibi wanaachiwa makapi. Sisi watatu wa mjini tukikosea, kuna jirani wa kutusahihisha. Kule kwa Yeyo hapakuwa na kipimo kingine hata kimoja. Kilikuwa bomba la plastiki lenye mdomo mpana kama faneli, limefungwa kwenye nguzo, na mistari ya milimita ubavuni. Kila siku saa tatu asubuhi unasoma maji yamefika wapi, unayamwaga, unaandika kwenye daftari, unatuma kwenye kundi la simu. Hakuna zaidi. Hata mtu mwenye shahada ya fasihi anaweza.

Shahada yangu ni ya fasihi. Nilisahau kulitaja hilo siku ya semina.

Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa shule moja hapa Sekei, na majirani walialikwa. Nilipewa kipaza sauti kwa sababu maelekezo ya Kiswahili yalikuwa yangu. Nilianza kwa kueleza tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi, na nilieleza kwa dakika ishirini. Nilitaja angahewa. Nilitaja wastani. Nilichora mstari ubaoni unaopanda na kushuka, halafu mwingine juu yake ulionyooka, na nilipogeuka nikakuta mama mmoja wa safu ya mbele anasuka nywele za mwanawe.

Yeyo akanyanyua mkono. "Mwanangu, nisaidie. Unasema kwamba ukitaka kumjua ng'ombe huangalii maziwa ya leo?"

"Sijasema habari za ng'ombe, Yeyo."

"Ndiyo, ulichelewa kusema. Leo katoa lita mbili, labda jana alifukuzwa na mbwa. Kesho katoa nne, labda kapata majani ya mahindi. Mimi nikitaka kujua ng'ombe huyu ni wa namna gani, naangalia daftari la maziwa, ndama hata ndama. Kama tangu ndama wa kwanza mpaka wa sita anapungua, hapo nakaa chini nafikiri. Ndiyo hiyo tabianchi?"

Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika. Mtaalamu akapiga makofi. Mimi nikafuta ule mchoro wangu ubaoni, taratibu, nikitabasamu kama mtu aliyekuwa amepanga iwe hivyo.

Saa tisa Yeyo akaaga. Gari la kwao lilikuwa linaondoka, na ng'ombe, alisema, hawajui semina. Robo saa baadaye mwalimu wa jiografia akauliza swali. Mtaalamu alikuwa nje anapokea sambusa.

"Madam, mvua ikinyesha Jumanne usiku, mimi nikaisoma Jumatano saa tatu, naandika tarehe ya siku gani? Kwenye karatasi sioni."

Haikuwepo kwenye karatasi kwa sababu ndiyo ile niliyoifuta. Lakini kusema hivyo mbele ya watu, na kipaza sauti mkononi, kungehitaji mtu mwingine. Nikajibu kutoka kichwani.

"Unaandika siku ilipoandaliwa na mbingu, si siku ulipoiona wewe. Rudisha nyuma siku moja. Jumanne."

Walipenda sana hapo kwenye kuandaliwa na mbingu. Mwalimu aliandika. Alhaji aliandika. Yeyo, wakati huo, alikuwa njiani kwenda kukamua, mtu pekee kati ya wapimaji aliyeokoka na elimu yangu.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa raha. Sijawahi kuipenda mvua namna ile. Nilikuwa naamka, navaa mabuti ya mume wangu, nakwenda bustanini kuinama mbele ya bomba la plastiki kwa heshima ambayo sijawahi kumpa mtu yeyote ofisini. Kwenye kundi tulitaniana. Alhaji akipata mvua nyingi kuliko mimi alituma picha ya tangi lake kubwa kuliko yote na maneno "Tupo kukuhudumia." Mwalimu alituma namba tupu, bila salamu, kama anatoa matokeo ya mtihani. Yeyo alituma sauti. Tulisikia kwanza mbuzi, halafu mlango, halafu yeye: "Habari zenu watoto. Leo bomba lina sita. Sita tu. Mungu anaona."

Baada ya wiki chache nikagundua jambo. Sisi watatu wa mjini tukiandika mvua Jumanne, Yeyo anaiandika Jumatano. Tukiandika Alhamisi, yeye Ijumaa. Kila mara siku moja nyuma yetu. Mtu mwenye akili timamu angeuliza. Mimi niliandika makala.

Nilieleza humo kwamba wingu hupanda upande wetu jioni, hulala msituni kwenye ubavu wa mlima, na kesho yake huamka na kushukia magharibi likiwa limechoka. Nadharia hiyo niliiita Mvua Inayolala Mlimani, na niliituma kwenye kundi. Ilikuwa na aya sita na, niseme ukweli, ile ya nne naipenda mpaka leo. Mwalimu aliifundisha kidato cha pili. Alhaji aliibandika dukani. Baada ya mwezi ilinirudia kutoka kwa shemeji yangu wa Dar es Salaam, jina langu limeondolewa, chini imeandikwa "Watumie watu kumi unaowapenda."

Mtaalamu aliitisha kikao msimu ulipoisha. Alikuwa amechapisha namba zetu zote kwenye karatasi moja ndefu, akaibandika ukutani dukani kwa Alhaji, kati ya matangi mawili. Yeyo hakuweza kuja, alikuwa na ng'ombe anayezaa.

"Dada, makala yako ni nzuri sana," aliniambia. Nilijua hapo hapo kwamba kuna lakini. "Lakini kuna ile mvua ya mawe."

Sote tuliikumbuka. Mawe yalipiga mlima mzima kwa mara moja, umeme ukakatika kila mahali, na Alhaji alikuwa akizungumza na Yeyo kwenye simu wakati ule ule, kila mmoja anapiga kelele kushinda mabati ya kwake.

"Mliongea siku gani?"

"Jumanne, baada ya sala ya Isha," Alhaji akasema.

"Basi iliwanyeshea wote Jumanne usiku. Nyinyi watatu mmeandika Jumanne. Yeyo ameandika Jumatano. Hilo wingu halikulala popote." Akakuna kichwa. "Mnajua shida yake? Nikiziweka namba hizi pamoja kama zilivyo, mvua moja inaonekana mbili. Nashindwa kuwaambia wakulima wa kule mvua inaanza lini na inaacha siku ngapi kati. Hizo siku ndizo zinazoamua mbegu ioze au iote. Maelekezo yanasemaje kuhusu tarehe?"

Macho yote yakanigeukia.

"Hayasemi kitu," nikajibu.

"Hata ya Kiingereza?"

Hapa ndipo penyewe. Nilikuwa na sekunde moja nzuri, na nje mtu alikuwa anapakia bomba kwenye mkokoteni, kelele nyingi, ningeweza hata kusingizia sikusikia.

"Hata ya Kiingereza."

Naye, kwa kuwa kompyuta aliyoyaandikia ilishakufa na kwa kuwa amelelewa vizuri, akaniomba msamaha. "Samahani sana, dada. Niliandika haraka. Nilidhani niliweka."

Nikamsamehe. Mnisikie vizuri: nilimsamehe.

Halafu, kwa kuwa mtu akishaanza kuteleza ni shida kusimama, nikaongeza: "Labda Yeyo ana shughuli nyingi asubuhi. Labda anapitiwa, anasoma kesho yake."

Sikusema kwa ubaya. Nilisema ili mazungumzo yaende mbali na mimi. Lakini neno hilo lilikaa. Watatu dhidi ya mmoja. Watatu wamesoma, mmoja ameishia darasa la nne. Mtaalamu hakutaka kuamua haraka. Akasema tuendelee msimu wa pili, kila mtu kama alivyozoea, tuone. Tukaendelea, na ikawa vile vile. Tukaendelea wa tatu.

Kikao cha mwisho kilikuwa mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimeanza. Mwalimu alipendekeza kipimamvua cha Yeyo kihamishiwe shule ya msingi iliyo chini zaidi barabarani, ambako walimu wangekisoma kwa wakati. Mtaalamu alikubali kwa shingo upande. Wangekwenda wao wawili, Jumatatu asubuhi.

Alhaji peke yake ndiye aliyekohoa. "Mimi nina swali la kijinga."

"Uliza, Alhaji."

"Sisi kwetu usiku unatangulia mchana. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishazama. Nimekua hivyo, nimeoa hivyo, nafunga Ramadhani hivyo. Mvua ya Jumanne usiku, mimi moyoni mwangu ni ya Jumatano. Naiandika Jumanne kwa sababu Madam alisema. Sasa huyu mama anaandika Jumatano, tunamnyang'anya bomba. Ndiyo nauliza."

"Alhaji," nikamwambia, "hii ni sayansi, hatutafuti mwezi."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akafungua vidole vyake juu ya meza. "Haya, Madam. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikatumwa mimi kumpelekea Yeyo taarifa, Jumamosi, kwa sababu najua kutumia maneno.

Nilikodi gari dogo. Ukishauzunguka mlima rangi zinabadilika. Migomba inaisha, mashamba ya mahindi yanaanza kutawanyika, vumbi linakuwa na nguvu zaidi ya majani. Nilikuta wanaume wawili wameegemea ua wa Yeyo, wazee wenye mashuka na fimbo, wanangoja. Nilidhani wanamngoja mtu mwenye mamlaka. Yeyo akatoka na daftari.

"Hii wiki tatu," akawaambia kwa Kiswahili ili nami nisikie, "tisa, sifuri, sita. Udongo haujashiba. Atakayepanda maharage leo ayaage kabisa."

Wazee wakashukuru, wakaondoka wakibishana kwa Kimaa.

"Wanakuja kukuuliza wewe?" nikasema.

"Zamani nikizungumza wakiwa hapo, walikuwa wanaangalia ng'ombe. Sasa wananiangalia mimi." Akanisukumia kikombe cha loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, baridi, mazito. "Kunywa kwanza. Umekuja na sura ya mtu aliyebeba barua."

Barua ilikuwa kwenye mkoba. Nilikunywa kwanza.

"Wanakuja kukichukua?" akauliza.

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu amepiga simu kwa mwalimu mwenzake, mwenzake amemwambia mkewe, mkewe ananunua maziwa hapa. Jumatatu, siyo?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaifuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Wamesema nasoma kesho yake. Mwanangu, mimi nasoma saa tatu. Redio inapiga zile pi-pi-pi za saa, mimi niko pale kwenye nguzo. Nani amesema nasoma kesho yake?"

Nikaangalia loshoro. "Ni tarehe tu, Yeyo. Tarehe zako hazilingani na zetu."

Akafungua daftari. Lilikuwa daftari la kwaya, nyimbo zimeandikwa mbele, na mvua imeanzia nyuma. Mwandiko mkubwa, wa penseli, hakuna siku hata moja iliyorukwa. Penye mvua ya mawe palikuwa na namba na maneno matatu: Jumatano, mawe, ndama.

"Ilinyesha Jumanne," nikasema.

"Ilinyesha Jumanne. Nikaisoma Jumatano. Sasa wewe niambie." Akaigonga penseli mezani. "Ng'ombe anatengeneza maziwa usiku. Mimi nakamua asubuhi, napeleka. Yule wa maziwa anaandika siku gani? Anaandika siku niliyoyaleta. Akianza kuuliza hili tone ni la jana jioni, hili la alfajiri, hili la saa ngapi, tutalala hapo. Bomba nalo nalikamua saa tatu. Siku ya kukamua ndiyo siku ya kuandika. Si ndivyo karatasi yenu inavyosema?"

Nikakirudisha kikombe mezani. Kwa maana karatasi ilisema hivyo hivyo. Si kwenye Kiswahili changu kizuri. Kwenye ile sentensi ndefu, kavu, iliyosimama kama mbuzi.

"Kwani wewe uliambiwa na nani kuandika hivyo?" nikauliza.

"Sikuambiwa. Niliondoka kabla hamjafika hapo."

Ningeweza kusema pale pale. Hakukuwa na mtu mwingine ila yeye, mimi na kuku. Nikasema, "Tutaangalia, Yeyo." Neno hilo nalijua vizuri, nimelitumia kwa wahariri, kwa mafundi, kwa watoto wangu. Maana yake ni kwamba hakuna atakayeangalia. Akanisindikiza mpaka kwenye gari na kunipa maziwa kwenye chupa ya soda, na barua ilirudi na mimi mkobani, haijafunguliwa.

Jumapili baada ya ibada nilimwaga makaratasi yote sebuleni. Mume wangu aliuliza natafuta nini. Nikamwambia risiti ya friji. Nilizipata zile kurasa mbili chini ya ripoti za shule za watoto, na mstari wangu mwekundu ulikuwa umenyooka, mstari wa mtu asiye na shaka. Pembeni nilikuwa nimeandika, kwa herufi nadhifu: "Inavuruga mdundo."

Nilikaa sakafuni nayo muda mrefu. Nilikumbuka Alhaji akifungua vidole vyake mezani. Nilimkumbuka yule kijana akiniomba msamaha. Nilijaribu kumtumia mtaalamu ujumbe; nikauandika mara nne, kila mara ukizidi kupendeza na kupungua ukweli, mpaka wa nne ukawa na neno "huenda" mara tatu. Nikaufuta. Nikamtupia mume wangu jicho la kuomba msaada.

"Risiti imepatikana?" akauliza.

"Imepatikana."

"Mbona kama imekuuma?"

Nilikwenda kulala nikiwa nimeamua kwamba nitapiga simu kesho, mapema, kabla hawajaondoka. Usiku mvua ikaja. Niliisikia kwenye mabati, nikajua ni ya mlima mzima, ina sauti ile ya kutokuwa na haraka.

Jumatatu nilichelewa kuamka, ndiyo kawaida yangu siku nilizoazimia jambo. Nilifika bustanini saa tatu kasoro dakika tano, mabuti makubwa, karatasi yenye mstari mwekundu mfukoni, simu mkononi, nikamtafuta mtaalamu. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea. Nikainama kusoma bomba, nikalimwaga, nikasimama na penseli juu ya daftari, na simu ikaita. Alikuwa Yeyo.

"Shikamoo Yeyo."

"Marahaba. Imenyesha kwako?"

"Imenyesha."

"Na kwangu. Mbuzi wamelala wamesimama. Umeshaandika?"

"Ndiyo nataka kuandika."

"Utaandika siku gani?"

Penseli ilikuwa juu ya mstari wa Jumapili. Misimu mitatu ya mazoea, mkono ulikwenda wenyewe.

"Yeyo," nikasema, "nisikilize kwanza, halafu unitukane. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Sisi watatu tumekosea, na wale wawili wamekosea kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha. Sentensi ilikuwepo. Niliifuta mimi nilipotafsiri, kwa sababu haikunipendeza. Halafu nikasema haikuwepo. Halafu nikasema wewe unapitiwa. Ninayo hapa mfukoni, naleta leo kwa mtaalamu, nimempigia mara mbili—"

"Najua. Imeita mara mbili."

"Imeita wapi?"

"Hapa, mezani kwangu. Nimemwambia asipokee, anywe chai kwanza, mimi nitakupigia. Nimeweka spika, mwanangu. Wote wawili wapo."

Bustanini kwangu kulikuwa na ndege wengi sana asubuhi ile. Niliwasikia mmoja mmoja.

Kisha sauti ya kijana, taratibu, yenye adabu ile ile iliyoniumiza kila mara: "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Hiyo sentensi unayo hapo?"

"Ninayo."

"Hebu tusomee."

Nikaitoa karatasi, nikaisoma, nikiitafsiri hapo hapo nimesimama kwenye matope, bila kupunguza wala kupamba: "Andika kiasi ulichosoma kwenye tarehe ya asubuhi uliyosoma, bila kujali mvua ilinyesha saa ngapi tangu usomaji wa jana, na ufanye hivyo kila siku bila kubadilisha." Ilikuwa bado ndefu. Nilimsikia mwalimu wa jiografia akivuta pumzi kwa meno, ile pumzi ya mtu anayekumbuka kidato cha pili kizima.

"Sasa nitawaambia nini wale watoto kuhusu wingu linalolala?" akauliza.

"Waambie limeamka," Yeyo akamjibu, na mtaalamu akacheka mpaka chai ikamwingia puani. Tulimsubiri amalize kukohoa. Kisha nikamsikia akisema, mbali kidogo na simu, kwamba namba za mjini zote tatu atazisogeza siku moja mbele, kazi ya asubuhi moja, na kwamba Jumamosi ijayo tungekwenda wote kule, Alhaji pia, Yeyo atufundishe kusoma.

"Haya, hilo sururu liwekeni nje, linachafua zulia," Yeyo aliwaambia. "Nguzo haitoki. Wewe mwanangu usikate, hatujamaliza. Bomba lako lilikuwa na ngapi?"

"Kumi na saba."

"Langu kumi na moja. Andika Jumatatu."